Komeo la Ndani

Mlango wetu wa mbele haufungwi kwa nje. Ufunguo ulivunjikia ndani ya kitasa mwaka aliozaliwa mjukuu wangu wa pili, na tangu siku hiyo tunatumia komeo, chuma kinene ambacho kikitakiwa kuingia kwenye tundu lake lazima uusukume mlango kwa bega, ukinyanyue kidogo, kisha ukisindike. Maana yake kila anayetoka anahitaji mtu wa kubaki ndani amfungie. Mwanangu ni fundi wa majokofu, mtaa mzima unamjua, hakuna jokofu lililowahi kumshinda. Kitasa cha mlango wake mwenyewe kimemshinda miaka minane. Ukimuuliza anakujibu, "Mama, si kuna mtu ndani siku zote?"

Mtu huyo alikuwa mkwe wangu. Alimfungia mumewe, akawafungia watoto wakienda shule, akamfungia muuza mkaa na mpima maji. Mlango umepakwa rangi ya kijani ya bei rahisi isiyokauka vizuri wakati wa joto, basi magauni yake yote yana doa la kijani kwenye bega la kulia. Ukimwona sokoni unajua nyumba yake ni ipi.

Alikuwa muuguzi. Aliacha kazi akiwa na mimba ya miezi saba ya mjukuu wangu wa kwanza, akawaaga wenzake kwamba anakwenda kwa miezi sita tu. Miezi sita ikazaa mwaka, mwaka ukazaa mtoto wa pili. Alipoanza kujiandaa kurudi nikaja mimi na kisukari changu, nimebeba mfuko mmoja na mguu wenye kidonda. Kidonda akakiponya. Kisukari hakiponi, kwa hiyo nikabaki. Halafu akaja kitinda mimba. Ikawa miaka kumi na moja. Ukitaka kuihesabu kwa vidole, kimoja uazime kwa jirani.

Mwaka huu ikaja barua kutoka baraza la wauguzi. Aliyekaa nje ya kazi zaidi ya miaka kumi arudi wodini wiki sita, afanye kazi chini ya usimamizi, kabla mwaka haujaisha. Asiporudi, leseni yake inakufa, na akiitaka tena aanze chuo upya kama msichana aliyetoka shule. Na katika hizo wiki sita, akivunja zamu mbili, jina linafutwa.

Aliisoma barua akiwa amesimama jikoni. Akaikunja, akaiweka chini ya kopo la chumvi, akaendelea kukoroga. Nilimwona akiitoa na kuisoma tena mara tatu siku hiyo hiyo, kila mara kama mtu anayechungulia chungu kuona kama kimechemka.

Jioni akamwambia mumewe.

"Nimepata nafasi. Wiki sita, zamu ya asubuhi."

"Hongera," mwanangu akasema, na ilitoka moyoni. Akatafuna, akameza. "Sasa nani atamchoma mama sindano zake za sukari?"

Mwanangu hagombi. Laiti angegomba, maana ugomvi una mwisho. Yeye huuliza kwa upole, na upole wake ni kama mto wa kulalia, unabembeleza kichwa, lakini ukikandamizwa usoni huo huo unaua. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mkewe asirudi kazini. Aliuliza tu. Nani atamnyonyesha? Nani atawapokea wakitoka shule? Nani atamchoma mama?

Nilikuwa pale pale, nachambua mchele kwenye ungo. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nitajichoma mwenyewe, maneno mawili tu. Sikuyasema. Watu husema mimi nina subira, na kweli nimevumilia mengi, lakini subira yangu nyingine ni woga uliojifunika shuka. Na niseme yote: swali lile lilinipa raha. Mzee akiulizwa hivyo anajua bado yumo kwenye hesabu.

"Nitamfundisha mwenyewe," mkwe wangu akasema.

"Umfundishe nani?"

"Mama."

Mwanangu akacheka mpaka akakohoa. "Mama huyu anayefumba macho akiona hata sindano ya kushonea?"

"Na wewe je? Nikimchoma mama unatoka nje."

"Mimi natoka kwa heshima."

Tukacheka wote watatu. Lakini chini ya kicheko nilimwona mkwe wangu ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama mtu aliye ndani ya gari linalokata kona.

Siku ya pili akalifungua sanduku. Sare ilikuwa imekunjwa ndani ya shuka, nyeupe iliyoanza kuwa rangi ya chai. Zipu ikapanda mpaka katikati ikasimama.

"Mama, imegoma," alisema mjukuu wangu mkubwa. Huyu tunamwita Karani, kwa sababu hakuna karatasi ndani ya nyumba asiyoijua iliko.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "haijagoma. Hapo mmekaa ninyi watatu, hamtaki kushuka."

Mama yao akacheka, akafumua mshono wa pembeni akatia kipande. Ndani ya sanduku kulikuwa pia na saa ya kifuani, ile ya wauguzi inayoning'inia kichwa chini ili aivaaye tu ndiye aweze kuisoma. Ilikuwa imesimama. Akaitia betri, akaiweka sikioni, akakaa nayo hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika kusikiliza saa.

Kisha akanunua daftari.

"Wodini hutoki tu ukaenda zako," alitueleza, mimi na Karani. "Unapita kitanda kwa kitanda na yule anayeingia. Unamwambia huyu kapewa nini, yule bado nini. Mwenzako akisema *nimepokea*, hapo ndipo umeondoka. Asiposema, hata kama saa zako zimekwisha, wagonjwa bado ni wako."

"Na asipokuja mtu wa kupokea?" Karani akauliza.

"Unabaki."

"Mpaka lini?"

Mkwe wangu akafungua daftari akaanza kupiga mistari kwa rula. 

Nilijifunza kwa machungwa. La kwanza nililichoma kama namchoma mwizi, bomba la sindano likainama. La pili nikafumba macho nikakosa chungwa nikachoma meza. Mkwe wangu hakunikemea hata mara moja. "Mama, shika kama unavyoshika kalamu," alisema, nami nikamjibu kwamba kalamu yenyewe niliiacha darasa la tatu. Siku ya tisa nikajichoma tumboni, uniti kumi na sita za insulini, macho yamefunguka. Nikalia. Si kwa maumivu, haiumi hata kidogo. Nililia kwa aibu ya miaka mitano niliyomfunga mtu kwa kitu kisichouma.

"Jambo moja tu, mama," akaniambia. "Ukishajichoma, andika. Saa na uniti. Wodini tuna msemo: kisichoandikwa hakikufanyika."

Ikawa hivyo. Saa kumi na mbili kamili asubuhi anasimama mlangoni na sare yake, daftari mkononi.

"Kitanda namba moja," anasema, na kitanda namba moja ni mimi, "uniti kumi na sita saa moja, ale kabla ya moja na nusu. Kitanda namba mbili, kitinda mimba, kaamka na mafua, aende chekechea na sweta. Kitanda namba tatu ana hesabu hajamaliza, anajifanya tumbo linamuuma."

"Linauma kweli!" anapiga kelele wa pili kutoka chumbani.

"Nimepokea," nasema mimi.

Hapo ndipo anatoka, nami nausukuma mlango kwa bega. Wiki ya kwanza nilikuwa nachukua muda mpaka mwanangu, akirudi mchana kuchukua kifaa alichosahau, anapiga kelele nje, "Mama, unafungua mlango au unaujenga?"

Huko wodini kulikuwa na mambo yake. Wasichana wadogo wanamwamkia shikamoo, kisha wanamfundisha kazi. Dripu sasa inahesabiwa na mashine inayolia kama kifaranga. Dawa zimebadilisha majina. "Mikono inakumbuka yote," aliniambia akivua viatu, "kichwa ndicho kinachobisha hodi." Kulikuwa na Sista msimamizi, mwanamke mrefu wanayemwita Mizani kwa sababu haegemei upande wowote. Siku mkwe wangu alipochelewa robo saa, Mizani alimwambia, "Mama watoto, hapa zamu haimsubiri mtu," akaandika.

Wiki ya tatu kitinda mimba alipata homa kali, mtoto wa moto hata kumgusa huwezi. Mama yake akabaki. Zamu ya kwanza ikavunjika. Bado moja, na jina liondoke.

Tangu siku hiyo nyumba ilikaa roho juu. Mtoto akipiga chafya tunamwangalia wote kama mwizi. Mkwe wangu akilala anaota vitanda, akiamka anahesabu watoto. Alikuwa amepungua mpaka ile zipu ikafunga bila kile kipande. Na mumewe, kwa upole wake, "Si ungepumzika tu? Naona unajitesa." Yule anajibu, "Zimebaki siku kumi na mbili." Kesho yake, "Zimebaki kumi na moja." Kama mfungwa anayechora ukutani.

Alhamisi ya wiki ya tano nilipokea ripoti kama kawaida nikafunga komeo. Saa moja nikapima sukari, nikajichoma, nikatumbukiza bomba kwenye kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko. Nikatafuta kalamu niandike. Haipo. Karani alikuwa na mtihani, ameondoka nayo. Nikasema nitaandika akirudi. Nikamimina chai, nikakata mkate, nikala vipande viwili.

Mlango ukagongwa. Mwanangu, ametoka kumwacha kitinda mimba chekechea. Nikafungua. Amekunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko na ananuka sabuni.

"Mama, leo nakuchoma mimi."

Nikakiweka chini kikombe cha chai.

"Usinicheke. Nimefanya mazoezi karakana. Nimeua machungwa manne." Akafungua daftari, akaona mstari wa siku ile ni mweupe. "Afadhali, nimewahi. Mama, sitaki mke wangu aseme kila siku mimi ndiye ninayemzuia. Nikijua hii kazi, lile swali la nani atamchoma mama sitaliuliza tena."

Ndugu msomaji, ningesema neno moja tu: tayari. Lilikuwa mdomoni, nimelishika kwa ulimi. Lakini mwanangu yule ana miaka arobaini na mmoja, na tangu azaliwe sijawahi kumwona akitetemeka kwa ajili yangu. Mtu anayefungua mitambo ya gesi kwa mikono mitupu alikuwa anaivuta dawa kwenye bomba jasho likimtoka puani. Ningemwambiaje rudi na machungwa yako? Nikajidanganya kwamba dawa ni dawa, ikizidi kidogo ni kama chumvi kwenye mchuzi, utakunywa maji itapita. Nilikuwa nimeambiwa mara mia kwamba sivyo. Nikajitia hamnazo. Nikapandisha gauni.

Akafumba jicho moja, akachoma.

"Imeuma?"

"Hata kidogo."

Alifurahi kama siku aliyotengeneza jokofu lake la kwanza. Akachukua penseli sikioni, akaandika: saa moja na dakika ishirini na tano, uniti 16, nimechoma mimi. Akatia alama ya vema kubwa, imevuka mistari miwili. Akatoka akipiga mluzi. Nikafunga komeo.

Kula tena sikula, nilikuwa nimeshiba furaha yake.

Saa tatu hivi nilikuwa nakunja nguo za watoto. Soksi ikanitoka mkononi. Nikaiokota, ikatoka tena. Nikaona mikono inacheza yenyewe, na jasho la baridi linashuka mgongoni kama mtu amenimwagia maji ya mtungi. Nilijua. Ukurasa wa nyuma wa daftari umeandikwa kwa wino mwekundu: mama akitetemeka, akitoka jasho, akiongea ovyo, SUKARI. Nikainuka kwenda jikoni. Ukuta wa ukumbini ukasogea, nikakaa chini bila kupenda.

Simu ilikuwa mfukoni. Nikabonyeza moja, ambayo ni mwanangu. Nilitaka kusema sukari. Nikasikia nasema, "Jokofu."

"Jokofu limefanyaje, mama?"

"Jokofu," nikasema, nikaanza kulia.

Alikuja mbio, nasikia miguu yake kutoka mbali. Akausukuma mlango. Mlango ukakataa.

"Mama! Fungua!"

Komeo nililiona. Lilikuwa hatua nne kutoka nilipokaa, chuma kile ninachokijua, kimetulia kwenye tundu lake. Mimi ndiye niliyelifunga. Nikanyoosha mkono, mkono ukafika kwenye goti langu ukachoka. Anapiga, ananiita, sauti yake inapasuka. Na kwa ile akili kijiko kimoja iliyokuwa imebaki nikaelewa kitu ambacho kwa akili timamu sikukielewa miaka mitano: hivi ndivyo mkwe wangu alivyoishi. Mlango unauona. Komeo liko upande wako, si upande wa mtu mwingine. Watu wa nje wanakwambia fungua, na wewe unajua namna ya kufungua, na huwezi.

Kilichofuata nilisimuliwa. Aliazima nyundo kwa jirani akaling'oa komeo pamoja na kipande cha fremu. Akapiga simu ya wodi, maana simu za wauguzi hufungiwa kabatini. Mizani akapokea, akampa mkewe.

"Anameza?" mkewe akauliza.

"Sijui!"

"Mwambie ameze mate. Anameza?"

"Anameza."

"Vijiko vitatu vya sukari, maji nusu kikombe, mkalishe wima. Usikate simu."

Akakaa kwenye simu mpaka aliponisikia nasema, "Tamu mno hii." Ndipo akasema anakuja.

Alifika baada ya saa nzima, na sare yake, na saa yake kifuani. Mimi nimeshaegemezwa kwenye mto, nakula mkate, nguo zimenilowa. Mwanangu alikuwa amekaa sakafuni na nyundo bado mkononi. Siku hiyo aligomba.

"Saa nzima! Mama anakufa, wewe uko wapi?"

"Nilikuwa nakabidhi. Vitanda vinane."

"Unahesabu vitanda!"

"Na wao ni mama za watu," akasema, akapiga magoti akanitoboa kidole, akapima. Sukari ilikuwa inapanda. Akavuta pumzi. Ndipo akachukua daftari.

Alisoma mstari wa siku ile. Akausoma tena. "Kumi na sita. Na alikula?"

"Alikuwa anakunywa chai nilipofika," mwanangu akasema. "Nimefuata ulivyoandika wewe. Dozi ni yako, mwandiko ni wako. Kama imezidi, imezidi kwako."

Mkwe wangu akaiangalia mikono yake. Sijawahi kuona mtu akiitazama mikono yake namna ile, kama vitu alivyoazimwa na mwenyewe amekuja kuvidai. Kisha akainuka, akalichukua kopo la mabomba, akalitikisa, akalirudisha.

"Mama," akaniuliza, "kuna la kuongeza kwenye ripoti?"

Mwanangu ananiangalia. Alama yake ya vema iko pale kwenye daftari, kubwa, ya furaha.

"Hakuna," nikasema.

Akafunga daftari. Akasema polepole kwamba Mizani amemruhusu kutoka lakini zamu ya pili imevunjika. Amempa nafasi moja: kesho saa moja afike na maelezo ya maandishi, nini hasa kilitokea nyumbani, na ni nini kitakachozuia kisitokee tena. Bila hayo jina linafutwa.

"Utaandika nini?" mumewe akauliza, na upole wake umesharudi.

"Sina cha kuandika. Sikuwepo. Siandiki nisichokiona."

"Basi imetosha," akasema. "Umejaribu. Hakuna atakayekulaumu."

Alivua sare. Akaitundika saa kwenye msumari, akavaa gauni lenye doa begani, akaingia jikoni. Watoto wakarudi, akawapokea. Mwanangu akaegemeza meza mlangoni, kwa kuwa komeo halikuwepo. Chakula kikapikwa kwa wakati, kitamu, na jioni akanichoma kwa mkono wake mwepesi ule ule. Kila kitu kikarudi mahali pake kama maji yanavyorudi kwenye shimo. Na mimi, Mungu anisamehe, kifuani nilisikia lile joto la zamani: nimehifadhiwa, yupo, haendi popote. Nikamwangalia akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Lile joto likageuka likawa kama la homa.

Asubuhi niliamka kabla ya wote. Nikachukua penseli ya Karani na daftari, nikakaa mezani pale mlangoni. Kuandika kwangu ni kama kutembea kwa mtu mwenye gongo, lakini mwenye gongo naye hufika. Nilipomaliza, mwanangu alikuwa ameshaamka, anapigilia komeo kwenye mbao mpya. Mkewe alikuwa anamimina chai, kavaa gauni la nyumbani.

"Nakabidhi zamu," nikasema.

Wote wawili wakageuka. Nikasoma, kidole kwenye mstari:

"Alhamisi. Saa moja nilijichoma mwenyewe uniti kumi na sita. Sikuandika, kalamu haikuwepo. Saa moja na dakika ishirini na tano mwanangu alinichoma kumi na sita nyingine. Hakujua. Mimi nilijua. Sikumwambia kwa sababu alikuwa na furaha. Jana nimeulizwa, nikasema hakuna. Nilisema uongo. Dozi ilikuwa sawa. Mwandiko ulikuwa sawa. Kuanzia leo kalamu itafungwa kwenye daftari kwa uzi. Nimeshaifunga. Kitanda namba moja."

Nyundo ikashuka. Mwanangu akakaa juu ya kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama, ungekufa. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuja umekunja mikono ya shati," nikamwambia. "Miaka mitano sijakuona ukiishika sindano. Ningekurudishaje?"

Akainamisha kichwa. Kisha, bila kumwangalia mkewe, akasema, "Kosa nilikutupia wewe."

"Ndiyo," mkewe akajibu. Hakusema si kitu, wala hakusema yameisha.

Akanigeukia mimi. "Nilijua, mama. Kwenye kopo yalikuwa yameongezeka mabomba mawili, si moja."

"Ukajua, ukanyamaza? Ukakubali jina lifutwe?"

"Kopo halitoi ripoti," akasema. "Na kama ningesema mimi, angekuwa mkwe anamshtaki mama mkwe. Nilikuwa nakusubiri." Macho yakamjaa maji. "Nilisubiri mpaka nikakata tamaa, saa ngapi sijui."

Nikauchana ukurasa ule nikampa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi kufika saa kumi na mbili. Sijawahi kuona mwanamke akivaa kwa kasi ile. Zipu ilipanda moja kwa moja. Karani akaivua saa msumarini, akambandika kifuani.

Alisimama mlangoni na daftari.

"Kitanda namba moja, uniti kumi na sita saa moja. Atajichoma mwenyewe, ataandika mwenyewe. Kitanda namba mbili hajambo. Kitanda namba tatu ameanza tena tumbo. Na kitanda namba nne," akamtazama mumewe juu ya kile kiti kidogo, "ni mgonjwa mpya, apewe chai."

"Nimepokea," nikasema.

Hakutoka. Alikuwa bado anamtazama mumewe, naye hakuelewa mpaka Karani alipomkanyaga mguu.

"Ehee. Nimepokea," akasema.

Mizani aliusoma ukurasa wangu mara mbili, akaubandika kwenye faili, akamwongezea siku moja mwishoni. Mwezi uliofuata leseni ikatoka na muhuri wake, na sasa mkwe wangu ana vitanda kumi na viwili.

Siwezi kuwadanganya kwamba mambo ni mteremko. Anarudi alasiri miguu imevimba, anavua viatu vyeupe na kuingia zamu ya pili, ya sufuria na madaftari ya shule, kwa sababu mumewe kujua kuchoma sindano hakujamfundisha kupika. Kuna siku anakaa kitandani na sare yake dakika tano nzima, mlango wa chumba umefungwa, na hakuna anayeruhusiwa kubisha. Hizo ndizo zake.

Na lile komeo mwanangu alilirudisha vilevile, kwa ndani, kwa sababu ndicho chuma alichokuwa nacho. Kitasa anasema atakinunua. Basi kila siku saa kumi na mbili nausukuma mlango kwa bega, nalinyanyua, nalisindika, nasikiliza viatu vyake vikiondoka mpaka kona ya duka. Gauni langu la bluu limeshapata doa la kijani. Nimejaribu sabuni, nimejaribu ndimu, halitoki.